Nani Mwingine Anajua Kumlisha?

Leo nina swali moja tu, nalo ni la kuuliza ukiwa mgeni nyumbani kwa mtu. Ukimtembelea mama mwenye mtoto mdogo asiyeweza kukaa, kutembea wala kula mwenyewe, ukishasalimia na kupewa kiti, usimwulize mtoto anaendeleaje. Hilo ameshaulizwa na kila aliyepita. Muulize hivi: ukijiondoa wewe, nani mwingine humu ndani anajua kumlisha?

Kisha nyamaza usikie. Wengi hucheka kwanza.

Nawazungumzia watoto wenye mtindio wa ubongo, maana hao ndio ninaowajua kwa karibu. Dada yangu anaye mmoja, wa kiume, yuko kwenye miaka minne, na kwa desturi yetu mimi ni mama yake mdogo. Kwa hiyo nikisema "mtoto wetu" usidhani natafuta huruma ya redioni. Namtaja wa kwangu. Wapo wazazi wenye watoto wa usonji, wenye vichwa vikubwa, wenye mgongo wazi. Nao wana habari zao. Mengine nitakayosema yatawahusu, mengine hayatawahusu, wanisamehe.

Hospitali watakueleza kwamba ubongo uliumia mapema: tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miezi ya mwanzo ya uhai. Akina mama wana kauli yao fupi zaidi, "hakulia alipozaliwa." Kaa kwenye benchi la kliniki yoyote ya mazoezi ya watoto, iwe CCBRT pale Msasani au hospitali ya mkoa wako, utaisikia kabla hujamaliza kunywa maji. Uchungu ulichukua muda mrefu, mtoto akatoka kimya, wakahangaika naye, akalia baadaye sana. Mwingine atakwambia wake alizaliwa njiti. Mwingine, manjano yalizidi. Mwingine mtoto alikuwa mzima kabisa, anacheka na watu, mpaka ilipomkamata homa ya uti wa mgongo, au malaria ikapanda kichwani. Lile jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki, wala ugonjwa huu hauambukizi hata mkilala shuka moja. Kinachobadilika ni mwili, kwa sababu mifupa inarefuka ilhali misuli iliyokaza inakataa kurefuka nayo, na goti lililonyooka mwaka jana mwaka huu linagoma. Ndiyo maana mazoezi ya watoto hawa hayana mahafali.

Lakini mimi nataka tukae jikoni, maana huko ndiko siku inakokwenda.

Mtoto wetu hupikiwa uji mzito, mzito kuliko ule wa mgonjwa. Uji mwepesi huteleza ukafika kooni kabla koo halijajiandaa, na kinachoteleza namna hiyo huishia kifuani. Mtoto mwingine akipaliwa atakohoa, utampigapiga mgongoni, mambo yameisha. Huyu akipaliwa leo, na kesho, na keshokutwa, utamkuta wodini na nimonia, na kifua ni katika mambo yanayowaondoa watoto hawa mapema. Kwa hiyo kabla ya kijiko kuna suala la kukaa. Halishwi amelala. Nyonga zikunjwe, mgongo unyooke, kichwa kije mbele kidogo, kidevu kishuke. Wengi wetu tumelelewa kwa kulazwa mapajani na kumiminiwa uji huku tunalia, na bibi zetu hawakuwa na nia mbaya. Kwa mtoto huyu, hiyo ni njia ya mkato kwenda hospitali.

Haya, amekaa. Kijiko kiwe bapa, cha plastiki ngumu, kisiwe cha chuma. Kije kwa mbele, usawa wa mdomo. Kikitokea juu ataangalia juu, kichwa kitarudi nyuma, na mwili mzima utakakamaa, mikono huku, miguu kule. Unakiweka katikati ya ulimi, unaukandamiza kidogo, unasubiri midomo ifunge yenyewe. Mara nyingine meno yatakishika kijiko. Hakusudii, taya zimejifunga tu. Usivute. Ukivuta zinazidi kukaza. Subiri zilegee ndipo utoe. Halafu subiri tena, ameze. Utaliona koo likipanda na kushuka. Pengine nusu imekwenda na nusu imerudi nje na udenda. Unapangusa kwa kukandamiza kitambaa, husugui, maana kusugua kunauchokoza mdomo ufunguke tena.

Hicho ni kijiko kimoja.

Mlo mmoja unakaribia saa nzima. Na kwa kuwa hawezi kula kingi kwa mara moja, ana milo minne, pengine mitano. Kila kijiko lazima kibebe kitu: karanga zilizosagwa, dagaa wa unga, parachichi, maharage yaliyopondwa na mafuta kidogo juu yake. Ongeza maji ya kunywa, ambayo ni kazi peke yake. Ongeza papai la jioni, kwa sababu mtoto asiyetembea choo chake huwa kigumu, na mtoto mwenye choo kigumu halali, naye asipolala hakuna anayelala. Ongeza dawa za kifafa kwa wale walio nazo, ambazo hazitaki kurukwa hata siku moja. Jua limeshazama na hujafua.

Sasa hesabu watu wanaojua mambo hayo niliyoyasema tangu uji mpaka papai. Katika nyumba nyingi ni mtu mmoja. Siku mtu huyo akipata malaria, mtoto atashinda na njaa ndani ya nyumba yenye watu saba na sufuria ya uji jikoni. Siku akifiwa, atakwenda msibani amembeba, atakaa kwenye mkeka na wanawake wenzake analisha huku analia, na watu watasema jamani yule mama ana moyo. Hana moyo kuliko wewe. Hana mtu wa kumwachia.

Nikiuliza swali langu, majibu huwa ya aina chache. La kwanza, na ndilo linalonikera: "Dada yake anajua." Nageuka kumtazama huyo dada mtu. Ana miaka tisa. Ni kweli anajua, tena anajua vizuri kuliko watu wazima, maana watoto hawaogopi. Ndiye aliyegundua kwamba mdogo wake akiimbiwa anafungua mdomo. Lakini jioni wenzake wanaruka kamba nje, yeye ameshika kijiko; mwalimu anauliza kazi ya nyumbani, yeye hakupata nafasi. Acheni ndugu wa mtoto wawe ndugu. Wacheze naye, wamtanie, wamnyang'anye midoli, hata wamwonee wivu kidogo, ndio undugu wenyewe. Kijiko ni cha mtu mzima.

Jibu la pili: "Dada wa kazi." Huyu anafundishwa kwa miezi, anazoea, mtoto anamzoea, halafu Desemba anakwenda kwao Singida kusalimia na harudi. Simlaumu. Mshahara tunaompa kwa kazi hiyo sote tunaujua. Ila utaalamu umeondoka na begi lake.

Jibu la tatu ni bibi, mzaa mama, na hapo pana nafuu ya kweli. Nyumba nyingi zimesimama kwa sababu yake. Lakini mtoto anaongezeka uzito na bibi anapungua nguvu. Mgongo wa mwanamke wa miaka sitini na tano haukuumbwa kumnyanyua mtoto wa miaka sita aliyekakamaa. Na bibi naye ana yake: ana mafuta aliyoletewa, ana kombe la shehe, ana mti wa kuogeshea, ana mtu aliyemwambia mtoto achimbiwe shimo mchangani ufukweni asimamishwe humo mpaka miguu ipate nguvu. Mtu akiniuliza, nasema hivi: visomo na maombi havina ugomvi na mazoezi, mradi dawa ya kifafa isiachwe na mtoto asinyweshwe kitu amelala. Hapo tu ndipo ninapobishana na bibi, na ninabishana kwa heshima, nimepiga goti.

Jibu la nne halitolewi mpaka ulitafute. Baba.

Hapa lazima nizunguke kidogo. Huku kwetu mtoto akidhoofu, shingo isikaze, asikae kwa wakati wake, hatapita mwezi kabla mtu hajanong'ona kwamba amebemendwa. Msikilizaji mtu mzima unajua maana yake: mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa, au wamekutana mapema kabla mtoto hajakomaa, na kosa limemshukia mtoto. Kwa maneno inaweza kuwa baba. Kwa vitendo kidole huelekezwa kwa mama, kwa kuwa ndiye aliyembeba na ndiye anayeonekana naye barabarani. Asiponong'onezwa hilo, atasikia upande wa mume wakisema "kwenye ukoo wetu hakuna mtoto wa hivi." Sentensi hiyo imevunja ndoa nyingi kuliko umaskini, huo ni ushahidi wangu wa kukaa kwenye mabenchi, si takwimu ya mtu.

Wala tusidhani kutafuta wa kumlaumu ni ushamba wetu. Daktari Mwingereza William John Little alisimama mbele ya madaktari wenzake London mwaka 1861 akawaeleza kwamba ulemavu huu unatokana na uzazi mgumu. Mwaka 1897 akaja Sigmund Freud, yule yule tunayemjua kwa habari za ndoto, ambaye kabla ya ndoto alikuwa mtaalamu wa mishipa ya fahamu ya watoto, akasema huenda mambo yako kinyume: pengine mtoto alishapata hitilafu tumboni, na uzazi mgumu ni dalili yake. Leo inajulikana kwamba sababu ni nyingi, na kwa watoto wengine daktari mwaminifu atakwambia hatujui. Hata hao mabingwa walitofautiana bila kumtaja mzinzi.

Naileta habari hiyo kwa sababu lawama na kijiko vinakwenda pamoja. Anayeshukiwa kuleta tatizo ndiye anayeachiwa kazi yake. Mama akishakubali moyoni, hata nusu tu, kwamba ni kosa lake, hataomba msaada. Ataona ni adhabu yake aimalize. Na baba akishapewa mlango wa kutokea, ataupita, au atabaki nyumbani kwa mwili tu.

Lakini niwatetee kina baba kidogo, maana wengi hawakukimbia kwa chuki. Shemeji yangu ni dereva wa lori, mtu wa Tunduma na Lubumbashi, amelala porini na simba wakinguruma. Siku dada alipompa bakuli akamwambia "shika, naenda kuoga," mikono ilimtetemeka. Alisema, "Mama nanihii, naogopa atapaliwa mikononi mwangu." Hofu hiyo ina akili. Mtoto akimpalia mtu mara moja, macho yakatoka, midomo ikabadilika rangi, mtu huyo harudii. Tukimwita mzembe tumemkosea. Hajafundishwa.

Na hapo ndipo ninapowageukia wataalamu wetu, kwa upendo. Mnafundisha vizuri. Nimeona mtaalamu wa mazoezi akimlegeza mtoto aliyekakamaa kwa dakika chache mpaka mama yake akatokwa machozi. Lakini mnamfundisha nani? "Mama, umeona? Ukafanye hivyo hivyo nyumbani." Yule yule. Kila kliniki mnamwongezea somo mwanafunzi mmoja aliyekwisha kujaa. Kwenye kliniki moja, siitaji, niliambiwa nisubiri nje kwa sababu "tunahitaji mzazi tu." Ningependa iwe kinyume: siku ya kwanza kabisa mama aambiwe, wiki ijayo njoo na mtu mwingine mzima, na huyo ndiye ashike kijiko mbele yetu. Au basi tufuate tunayoyasema kimataifa makaratasini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, katika ibara ya 23 unataka nchi zitoe mapema taarifa, huduma na msaada kwa watoto hawa *na familia zao*, ili wasifichwe, wasitelekezwe. Wameandika familia. Hawakuandika mama.

Uzuri ni kwamba mengi ya mazoezi yenyewe si ya kutandikia mkeka. Yamejificha katika kazi za kila siku, na mtu yeyote anaweza kuyafanya akishaonyeshwa. Mbeleko, kwa mfano. Watoto hawa miguu yao hupenda kupishana ikabana. Kumbeba mgongoni kwa khanga, mapaja yamekumbatia kiuno chako, kunaitenganisha bila mtu kuhangaika. Bibi zetu waliyafanya hayo bila cheti. Kumbeba kwa kumlaza mikononi kama kichanga, kichwa kinaning'inia, ndiko kunakomkakamaza. Kumvalisha nako: anza na mkono uliokaza zaidi, polepole, ukianzia begani. Kumwogesha maji ya vuguvugu ni mazoezi, misuli inalegea, hapo hapo nyoosha vidole.

Kuna kiti pia, ambacho nikianza kukisifu mtanizima. Kiti cha kukalia mtoto asiyejimudu ukikitaka dukani utauza shamba. Lakini kuna ufundi wa kutengeneza viti kwa maboksi na karatasi, alioueneza mwalimu mmoja wa Zimbabwe, Bevill Packer, na ukasambaa nchi nyingi za Afrika. Unachukua maboksi makavu, unayapaka gundi ya unga iliyopikwa kama uji, unayabandika tabaka juu ya tabaka, unaanika juani siku kadhaa mpaka yawe magumu, unakata kwa vipimo vya mtoto mwenyewe, unapaka rangi. Mtu mzima anaweza kukikalia. Cha mtoto wetu kina pembe mgongoni inayoyaleta mabega mbele, kipande katikati ya mapaja, na meza ndogo ya kuegesha mikono. Adui yake ni maji, kwa hiyo masika hakitoki nje. Tangu kiwepo, mtu anayelisha ana mikono miwili, badala ya mmoja wa kijiko na mwingine wa kushikilia kichwa. Nadhani hicho ndicho kilichotuwezesha kupata mlishaji wa pili. Sisemi kilikuwa upendo.

Barabarani nitapita haraka, maana wenye kujua wanajua. Daladala inapopiga honi mtoto anashtuka na kunyooka mzima mzima, konda anasema "mama panda chapchap," na akiwa mdogo watu wanampisha kiti. Akifika miaka minne wanaanza: "Mtoto mkubwa hivyo bado unambeba? Mshushe atembee." Dada alikuwa akieleza. Siku hizi hujibu, "Nampenda sana," anatazama dirishani.

Turudi kwenye kijiko. Ilikuwa dada mwenyewe aliyeitisha kikao, Jumapili moja baada ya kutoka kanisani, chini ya mwembe wa nyumbani kwa bibi huko Mbagala. Alikuwa ameugua wiki iliyotangulia na aliogopa. Hakuhutubia. Alipika uji, akamkalisha mtoto kwenye kiti chake, akasema kila mtu mzima atalisha vijiko vitano, hakuna atakayekula pilau kabla. Kulikuwa na shangazi yake mtoto, aliyekuja amevaa vizuri; alilisha vyote vitano kwa haraka ya mtu anayelipa deni, vitatu vikaishia kwenye gauni. Shemeji alilisha viwili akatoka jasho, akapumzika, akarudi akamalizia. Mimi nilifaulu wastani. Bibi alikataa kupimwa.

Aliyetushangaza ni kaka yetu, mjomba mtu, fundi simu pale Kariakoo. Mtu wa kimya, hajaoa, hakuna aliyemfikiria. Lakini kazi yake ni kushinda ameinamia skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, na kusubiri hakumsumbui. Kijiko kikashikwa na meno, akakiacha. Tukamwona anatazama tu. Taya zikalegea, akatoa. Akamaliza vitano akaongeza vingine bila kuambiwa.

Tangu hapo Alhamisi jioni ni zamu yake, na dada huenda kwenye kikoba. Wenzake walishamfuta kwenye daftari kwa utoro. Sasa ndiye mweka hazina. Shemeji akiwa hayuko safarini ana uji wa asubuhi, na ameacha kutetemeka, ingawa bado hulisha amekunja uso kana kwamba anapita mzani.

Kuna jambo ambalo hatukulitarajia, nalo ndilo lililonifanya nije na mada hii. Dada akimlisha mwanawe haulizi kitu. Anajua sasa ameshiba, sasa ana kiu, sasa meno yanauma. Anajua kabla mtoto hajajua. Kwa hiyo mtoto hakuwa na haja ya kusema lolote. Mjomba hajui. Anauliza. "Maji?" anasubiri. "Uji?" anasubiri. Na yule mtoto, ambaye tulishaambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba haelewi, akaanza kujibu: akitaka, macho yanakwenda juu, asipotaka, mdomo unafungwa ukabana. Kwanza tulidhani bahati. Mjomba akampima kwa ufundi wake, akamwonyesha kikombe kitupu na kikombe chenye maji. Macho yakaenda kwenye chenye maji. Akavibadilisha mikono. Macho yakafuata.

Maharage ya mjomba hayataki. Ya mama yake anakula, ya mjomba anafunga mdomo, na ni sufuria moja.

Tulipomweleza mtaalamu wa kliniki, alisema tumpe picha: kikombe, bakuli, kitanda, mpira, zibandikwe kwenye meza ya kile kiti, naye achague kwa macho, kila mtu wa nyumbani azitumie zile zile. Dada yake mtoto alizichora, kwa kuwa kuchora ni mchezo wala si kazi ya mtu mzima. Aliongeza ya tano kwa utundu wake, picha ya redio. Basi imekuwa taabu. Kipindi chenye muziki hakina tatizo. Kikianza kipindi cha maneno, kama hiki changu, mtoto anaikazia picha ya redio macho, kisha anaitazama redio yenyewe, kisha picha, mpaka mjomba ainuke abadilishe stesheni.